Tanki Lisilo na Geji

Hakupenda kusubiri mtu. Enzi zile alipokuwa anaendesha lori la mpunga kutoka Majimoto kuja Mpanda, alikuwa akipita huku kwetu Majengo kuchukua watu wenye mizigo, na honi yake aliipiga mara moja tu. Honi ya pili hukuisikia. Ukichelewa kufunga mlango unakuta vumbi, na wiki ijayo akikuona anacheka, anakuambia, "Mayu, gari halina masikio." Mayu ni mama kwa Kisukuma. Yeye hakuwa Msukuma, ila barabarani alikuwa ameokota maneno ya kila kabila na kuyatumia bila kuomba ruhusa.

Sote tulimwita Dereva. Hata alipokuwa na miaka kadhaa kwenye kiti cha magurudumu, tulimwita hivyo hivyo, na hakukubali aitwe vingine. Siku moja alikuja kijana kutoka ofisi ya mtaa kuandika majina ya watu wenye ulemavu. Nilikuwepo, nimepeleka maziwa. Kijana alifika kwenye nafasi ya kazi akaandika, "Hana."

"Umeandika nini hapo?" Dereva akamuuliza.

"Kazi, mzee. Nimeweka hana."

"Futa. Andika dereva."

"Lakini mzee, kwa sasa..."

"Leseni yangu haijaisha muda. Ya kwako iko wapi?"

Kijana akafuta.

Ajali yenyewe hakuisimulia. Watu walimchimba, hasa wale wageni wanaokuja kumpa pole kumbe wanataka hadithi. Jibu lake lilikuwa moja: "Lori lililala, na mimi nikalala nalo. Lenyewe waliliinua." Akishasema hivyo anageukia mambo ya bei ya mchele, na ukirudia swali anakuuliza umekuja kwa usafiri gani na unaondoka saa ngapi.

Mimi nilikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Kaka zangu wana ng'ombe upande wa Mpimbwe. Walihamia huko na mifugo zamani, mimi nikaolewa huku mjini, na maziwa yananifikia kila asubuhi kwa pikipiki. Mengine nauza mabichi, mengine nagandisha. Yeye na mkewe, mama Zuhura, walipanga vyumba viwili nyuma ya duka, ndani ya uchochoro ambao mvua ikinyesha unakuwa mto. Kutoka mlangoni kwake hadi barabarani kulikuwa na ngazi tatu. Ngazi tatu tu. Lakini kwa mtu wa magurudumu zilikuwa sawa na mlima, maana zilihitaji wanaume wawili, na kuwahitaji wanaume wawili ni kuwaomba, na yeye kuomba hakukujua. Basi alikaa ndani. Mlango wa choo nao ulikuwa mwembamba kuliko kiti. Dirisha lilitazama ukuta wangu. Alichobaki nacho cha barabara ni sauti, na alizijua. Tukiwa tunaongea ananyamaza ghafla, anainua kidole. "Huyo anapanda na gia ya tatu. Atalaza gari." Au, "Huyo amebeba mahindi ya Mishamo, amezidisha." Sikuweza kujua kama ni kweli au ananitania.

Katikati ya maongezi kengele ya simu yake ilikuwa inalia. Ililia kila baada ya saa nne, mchana na usiku, na ilipolia alikata neno hata kama limefika mdomoni. "Haya, mayu, nenda. Rudi baadaye." Mwanzoni nilidhani ni dawa. Mama Zuhura ndiye aliyeniambia kwamba ni mkojo. Anautoa mwenyewe kwa mpira mwembamba anaouingiza mpaka kwenye kibofu. Aliniambia kwa sauti ya chini, akiwa ameinama kwenye beseni la mashuka ambayo aliyafua alfajiri kila siku ili yakauke kabla uchochoro haujaamka.

Kumbe Dereva alijua kwamba najua. Baada ya wiki moja aliniita akanieleza mwenyewe, maana hakupenda habari zake zipite kwa watu zikiwa hazijakaguliwa.

"Wewe tanki lako lina geji," alisema. "Likikaribia kujaa taa inawaka, unatafuta choo. Langu waya umekatika mgongoni. Linajaa kimya kimya. Likizidi linamwaga bila kuniuliza, na nisipolitoa, uchafu unarudi kwenye figo. Sasa mimi ndiye geji. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Haya. Usinipe pole."

Daktari wa hospitali, mwanamke kijana ambaye Dereva alimheshimu kuliko watu wote wa mjini, ndiye aliyemfundisha. Nawa mikono. Mpira safi. Saa nne zikifika usiseme ngoja kidogo. Kunywa maji. Aliyafuata yote kama sheria za barabarani. Na bado homa zilikuja. Sisi wengine mkojo ukiunguza tunajua mapema. Yeye huko chini hakuhisi kitu, kwa hiyo alijua kwa miguu. Miguu ile isiyotembea ilianza kukaza na kurukaruka yenyewe juu ya kiti, kisha mkojo ukawa na mawingu na harufu, kisha jasho, kisha homa ya kutetemesha kitanda. Hapo ndipo mama Zuhura alipowaita wanaume wa kumbeba, wakapanda bajaji kwenda hospitali. Walipima, wakauotesha mkojo kujua mdudu gani anakufa kwa dawa gani, wakampa dawa. Alipona. Baada ya wiki chache, miguu ilianza tena.

"Dawa zinanizoea," aliniambia. "Mwanzo zilikuwa nyingi za kuchagua. Sasa daktari anasoma karatasi, anapita jina, anapita jina, anapita jina. Orodha inafupika, mayu. Siku itafika majina yataisha, atageuza karatasi atazame nyuma."

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Alituhubiria wote kunywa maji, watoto wangu wakipita anawauliza mmekunywa vikombe vingapi leo. Lakini yeye akijua kuna mgeni anakuja, tangu asubuhi hagusi tone, asije akavuja mbele ya mgeni. Alimfokea mama Zuhura kwa ndoo iliyochelewa, kwa shuka lililokunjwa vibaya, kwa kitu chochote, kiasi kwamba mimi upande wa pili wa ukuta niliona aibu. Lakini hakula chakula mpaka mke wake amekaa na sahani yake mwenyewe. Alichukia kuonewa huruma, na nikikosa kufika siku mbili ananipigia simu: "Umehama?"

Halafu kulikuwa na suala la msikiti. Uko karibu, adhana inaingia kwake kama mtu amesimama mlangoni. Kabla ya ajali, Ijumaa alikuwa anaegesha lori popote lilipo, anaingia kuswali. Imamu alikuja kumtembelea, akamwambia kwa upole kwamba mtu mwenye udhuru kama wake anatawadha kwa kila swala na kuswali, hata akitokwa. Dini haijamfungia mlango.

"Dini haijanifungia, shekhe," Dereva akajibu. "Lakini lile jamvi watu wanaweka paji la uso. Nikivuja pale, kesho nani atasujudu nilipokaa? Wewe?"

Imamu alisema ndiyo, yeye. Dereva alitikisa kichwa. Hakwenda.

Sasa nifike kwenye maziwa, kwa sababu hapo na mimi nimo.

Siku moja aliniuliza, "Mama Kulwa, maziwa yako ya mgando yana wadudu?"

Niliona kama amenipiga kofi. Miaka yote nauza, hakuna aliyewahi kuumwa tumbo. "Maziwa yangu hayana wadudu, Dereva! Nani kakwambia?"

"Basi siyataki. Mimi nataka yenye wadudu."

Alicheka mpaka akashika meza. Kumbe alikuwa amesikia redioni mtu akieleza kwamba mgando una bakteria wazuri, na kwamba wale wazuri wanaweza kuwabana wale wabaya. Hakusikia vizuri kama walizungumzia tumbo au kibofu. Hilo halikumsumbua. Kwake mwili ulikuwa gari moja, ukitia mafuta mazuri yanafika kote.

Akaanza, vikombe viwili kwa siku, asubuhi na jioni. Na homa ikakaa kimya. Masika yakapita, watu wakavuna, Majimoto mpunga ukaanikwa, na Dereva hajapanda bajaji hata mara moja. Akanenepa mashavu. Akamfokea mama Zuhura kidogo tu. Alimwambia kila aliyeingia: ni maziwa ya huyu mama.

Watu wakaanza kuja kwangu. Mwanamke wa kwanza alinong'ona, "Nipe ile ya yutiai, ya mkojo." Nikampa maziwa. Sikusema ndiyo. Wala sikusema hapana, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilinunua ndoo nyingine. Nilianza kutembea mtaani kama mtu aliyegundua kitu.

Halafu miguu yake ikaanza kurukaruka.

Hakumwambia mtu. Siku nne aliifunga kwa mkanda wa suruali kwenye kiti ili mkewe asione, akaongeza kikombe cha tatu, kisha cha nne. Siku ya tano mama Zuhura alinipigia ukuta kwa ngumi. Tulipomfikisha hospitali alikuwa anaweweseka, anaongea na utingo wake wa enzi za lori kama vile yuko pale, anamwambia aweke jiwe nyuma ya tairi.

Alilazwa siku nyingi, kwa sindano. Nilipokwenda kumwona, daktari alinikuta kwenye korido.

"Wewe ndiye mama wa maziwa?"

Nikataka ardhi inimeze. Lakini hakunifokea. Alisema, "Maziwa ni chakula kizuri, endelea kumpa. Lakini ile miezi bila homa inaweza kuwa maziwa, inaweza kuwa maji aliyokunywa, inaweza kuwa bahati. Wataalamu wanachunguza hao bakteria wazuri kwa watu wenye vibofu kama chake, na bado hawajatupa jibu la kushika. Mimi sijui. Na wewe hujui. Miguu ikianza, aje siku hiyo hiyo. Mwambie wewe, mimi ameshanichoka."

Nilimwambia. Alitazama dirisha la wodi akasema, "Nilitaka maziwa yamalize kazi yenyewe."

Mdogo wake anayeishi Dar akamtumia chupa ya vidonge, bakteria hao hao waliokaushwa, kwa gari la abiria. Alivimeza mpaka vikaisha. Wakati wa vidonge homa ilikuja mara moja, hafifu. Ikawa vigumu kusema kama vimesaidia au la. Na hapo ndipo niliona kitu kibaya kwake kuliko homa. Alianza kukaa kimya. Lori likipita hainui kidole.

Alasiri moja aliniomba nimletee yale maji ya juu ya maziwa mgando, matupu, nimeyachuja kwa kitambaa safi. Nilifikiri tumbo linamsumbua. Nikayapeleka kwenye chupa. Nilikuwa nimeshafika kwangu ndipo nikakumbuka nimesahau kikombe changu, nikarudi. Mama Zuhura alikuwa sokoni. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nikasukuma.

Alikuwa kitandani, shuka kiunoni, mpira umeshaingia, na mkononi ana bomba kubwa la sindano limejaa maji ya maziwa yangu. Alikuwa anajaribu kuliunganisha na mdomo wa mpira.

Sikugeuza uso. Ningepaswa kugeuza, lakini sikugeuza.

"Dereva, unafanya nini?"

"Toka nje."

"Unafanya nini?"

"Mdogo wangu kasoma kwenye simu. Huko nje kuna watu wanajaribu kuwapitisha hao wadudu wazuri kwenye mpira, moja kwa moja mpaka kwenye kibofu. Mdomoni wanapotea njia. Mimi nawafikisha."

"Wanapitisha maziwa?"

"Wadudu."

"Waliotengenezwa hospitalini, na daktari amesimama hapo! Haya yametoka kwenye ndoo yangu!" Nilikuwa nimeshamshika mkono, na mikono yake ilikuwa na nguvu kama ya mtu anayezungusha usukani siku nzima. "Sikiliza. Hiyo ndoo naiosha kwa maji ya kisima. Nzi nawafukuza kwa mkono. Kuna siku ng'ombe ameumwa na kaka zangu hawakuniambia. Tumboni tunasalimika. Huko kwako, unakonawa mikono mara mbili kabla ya kugusa, leo unataka kumimina ndoo yangu?"

Hakuachia. Alisema polepole, kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni, "Mama Kulwa, nataka siku moja. Sisemi nitembee. Siku moja, kuanzia asubuhi mpaka jioni, nisifikirie mkojo. Wewe unazo ngapi? Zote. Mimi nimekaa kwenye chumba hiki nachunga kibofu kama mlinzi wa ghala, na ghala lenyewe halina kitu."

Nikasema tu kilichokuja: "Ukifa nitasema ni mimi. Nitasimama msibani niseme ni maziwa yangu, nilimpelekea mwenyewe. Na mama Zuhura atakaa ukuta kwa ukuta na aliyemuua mumewe. Haya, mimina."

Nikamwachia mkono.

Kisha akalielekeza bomba pembeni ya kitanda akalisukuma mpaka mwisho, maji yakatawanyika kwenye sakafu ya saruji. Akavuta shuka.

"Pafute kabla hajarudi," akasema.

Nikapafuta. Mama Zuhura mpaka leo hajui, au anajua na hajawahi kusema.

Wiki mbili hakunipigia, na mimi nilimpitishia mkewe maziwa mlangoni. Wale wateja wa kunong'ona niliwaambia mmoja mmoja kwamba hii si dawa, kapimeni. Baadhi hawakurudi. Mmoja alinijibu, "Nyie mkishapata jina mnaanza maringo." Kisha siku moja simu ikaita. "Umehama?" Nikaenda. Tuliongea bei ya mchele. Ile habari hatukuigusa.

Alirudi kwenye kikombe kimoja, asubuhi, kwa sababu alipenda ladha, alisema. Homa zilikuja na kuondoka. Aliwahi hospitali miguu ilipoanza, si kila mara, lakini mara nyingi. Hakukuwa na ushindi mwingine wa kusimulia.

Mwaka jana nilikuwa Majimoto kwa kaka zangu, tukasikia msiba. Aliyefariki ndiye yule utingo wake wa zamani, aliyekuwa ameshakuwa mtu mzima mwenye mashamba ya mpunga. Nilipofika na wanawake wenzangu niliona chini ya turubai, katikati ya wanaume, kiti cha magurudumu. Nilisimama njiani mpaka mwenzangu akanigonga mgongoni. Ngazi zile tatu, na barabara yote ile, na joto lile. Alikuwa amewaomba watu.

Hatukusalimiana kwa maneno. Baada ya dua alinionyesha kwa macho nimfuate. Nikamsukuma mpaka nyuma ya ghala la mpunga, palipokuwa na magunia yamepangwa.

"Choo chao kina ngazi," alisema. "Mama Zuhura yuko ndani na mjane, sitaki kumtoa. Una kanga?"

Nilivua kanga ya juu, nikaitanua mikono yote miwili, nikampa mgongo. Nilimsikia akifungua mfuko wa vifaa vyake, akimimina maji ya kunawa. Ndipo akatokea kwenye kona ya ghala mzee mmoja mrefu, dereva mwenzake wa zamani, aliyekuwa akipishana naye kwenye njia ile ya Mpanda. Alikuwa anamtafuta. Nilimwona ameanza kutabasamu kwa mbali.

"Mzee, subiri kwanza," nikasema. "Subiri huko huko, anakuja."

Yule mzee akasimama, akatazama kanga, akanitazama mimi, hakuelewa. Nikatafuta uongo wa haraka. Nikaanza, "Anabadilisha..." 

"Mwache aje," Dereva akasema nyuma yangu.

"Dereva..."

"Nimesema mwache aje. Kaka, karibu. Natoa mkojo. Siku hizi nautoa kwa mpira."

Kule mbele watu walikuwa wanavuta viti. Kisha yule mzee akaja taratibu, akasimama kando yangu, akampa mgongo kama mimi. Akanyoosha mkono akashika pembe moja ya kanga.

"Ile njia wameichonga," mzee akasema akitazama mbele, kwenye mashamba. "Lakini pale kwenye kona bado pabaya."

"Mvua hizi?" Dereva akauliza.

"Mvua hizi. Juzi fuso imezama mpaka ekseli."

"Alipita kushoto huyo."

"Alipita kushoto."

"Kushoto hapapitiki," Dereva akasema. Tukasikia maji yanaanguka kwenye chupa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeongeza sauti ili kuyafunika.